Mizinga Hamsini na Sita ya Enoka

Jumanne, tarehe 14 Juni 1994. Asubuhi baridi, umande ulikauka saa tatu. Mchana jua kavu, upepo kutoka mashariki, moshi wa moto wa porini ng'ambo ya mto.

Enoka aliyaandika hayo katika daftari lake akiwa amekaa kwenye benchi la nje la mahakama ya mwanzo ya Inyonga, akimsubiri karani amalize chai yake. Mazoea ya kuandika hali ya hewa aliyapata katika miaka kumi na tisa aliyokuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika. Tumbaku iliyopimwa siku ya unyevu huwa nzito kuliko ya siku kavu, na mkulima akija kulalamika ni vizuri uwe na kitu cha kumwonyesha. Kazi yenyewe ilikwisha mwaka 1991. Chama kilipunguza watu, akaitwa ofisini na wenzake saba, wakapewa barua. Kiinua mgongo kilichelewa miezi kumi na minne, na kilipokuja kilitosha mabati ishirini na baiskeli moja iliyokwisha tumika. Kingekuja kwa wakati wake kingetosha mabati arobaini. Hilo nalo lilikuwa ndani ya daftari.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Siku hiyo alikuwa ametembea kwa saa tatu unusu kutoka kijijini kwao, mwendo ambao zamani aliumaliza kwa saa mbili, na njiani alikaa chini mara tano.

Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amepanda lori la tumbaku mpaka hospitali ya Mpanda kwa ajili ya kifua. Daktari aliweka kipimo chake mgongoni, akasikiliza kwa muda mrefu, akamwambia arudi kabla mwezi haujaisha, na aje na fedha ya picha ya kifua na ya dawa, maana siku hizi mgonjwa anachangia. Hakumwambia ni ugonjwa gani. Alimwuliza tu kama ana watoto, na kama watoto hao ni wakubwa.

Swali hilo Enoka alirudi nalo ndani ya lori, juu ya magunia, mpaka Inyonga. Alikuwa na mtoto mmoja, Josefina, kidato cha pili, na mke mmoja, Marta. Alipofika nyumbani alichukua karatasi mbili za mistari akaandika wosia. Nyumba na shamba la eka nne apewe Marta. Baiskeli apewe Marta. Mizinga mia moja na kumi na miwili iliyoko porini apewe Marta, na mapato ya asali na nta yamsomeshe Josefina mpaka aseme mwenyewe kwamba imetosha. Mchungaji alitia sahihi, na mwalimu jirani akatia sahihi.

Karani wa mahakama, Silvesta, aliwahi kuketi dawati moja na Enoka huko Tabora, sekondari. Alizisoma karatasi mbili zile kwa utulivu huku akifuta makombo ya andazi kwenye meza.

"Mwandiko wako haujabadilika," alisema. "Mwalimu wa Kiingereza angekupa tisa kwa kumi. Kumi alikuwa hatoi."

"Lakini?"

"Lakini mashahidi hawa wote wawili ni watu baki. Wa ukoo yuko wapi?"

"Sikutaka wa ukoo."

"Najua hukutaka. Wote wanaokuja hapa hawataki. Siku ya siku ndugu watasimama mbele ya hakimu waseme mzee aliandika kwa kificho, sisi hatuna habari. Mtafute mmoja. Unaye kaka yako."

Silvesta akageuza karatasi ya pili, akaweka kidole kwenye namba.

"Na hii mizinga mia na kumi na miwili umeitoa wapi? Nilikuwa kwenu mwaka jana kwa ile kesi ya mpaka. Kitabu cha kijiji nilikisoma chote. Wewe una hamsini na sita. Kaka yako Manyanda ndiye ana tisini na sita."

"Hamsini na sita kati ya ile ya Manyanda ni yangu."

"Nani anasema?"

"Mimi. Na yeye."

"Yeye akiwa hai na wewe ukiwa hai. Wanawe je?" Silvesta alizikunja karatasi akamrudishia. "Mahakama itaitisha kitabu. Na baada ya kitabu itaitisha stakabadhi za kodi. Aliyelipia ndiye mwenye mali, wengine wote wanaleta maneno. Mkeo atakuja hapa na wosia mzuri sana, na atarudi nyumbani na nusu ya mizinga."

Kosa lilikuwa la mwaka 1988, na lilikuwa la kalamu ya Enoka mwenyewe. Mwaka huo kijiji kilianza kuwapanga watu katika madaraja ya kodi ya maendeleo. Mfuga nyuki mwenye mizinga zaidi ya sitini aliingia daraja la juu. Katibu wa kijiji alimwomba Enoka, kwa kuwa ana mwandiko mzuri, amsaidie kuandika kitabu. Manyanda alikuwa ametimiza miaka sitini mwezi uliopita tu, na wazee wa sitini walisamehewa kodi hata kama wangekuwa na mizinga elfu. Enoka aliandika nusu ya mizinga yake chini ya jina la kaka yake, na jioni yake akamwambia. Manyanda alicheka akasema sawa.

Hakuna ambaye angeweza kugundua. Kwa Wakonongo, kabila lao, watoto wa baba mmoja wanakata alama moja. Alama ya baba yao ilikuwa mikato miwili iliyosimama na mmoja uliolala chini yake, na ilikatwa mara mbili, kwenye mzinga juu na kwenye shina la mti chini, usawa wa kifua. Mtu baki anayepita porini angesema tu kwamba huu ni mzinga wa nyumba ile. Upi ni wa Manyanda na upi ni wa Enoka, walijua ndugu wawili wenyewe, na daftari la Enoka.

Jioni ya Jumanne hiyo alimweleza Marta yote, akiwa amelala ubavu kwenye mkeka jikoni. Marta alikuwa anapepeta mahindi.

"Kwa hiyo umeniandikia mizinga ya shemeji," alisema.

"Nimekuandikia ya kwangu."

"Na mimi nitaifanyia nini? Siwezi kupanda mti. Na nikionekana porini na kamba begani, wanawake wenzangu watapata la kusema mpaka mwakani."

"Hupandi. Unaweka mtu. Anatoa asali, theluthi yake, mbili zako. Nimeandika watu watatu unaoweza kuwaamini. Mmoja ni mlevi, lakini haibi."

Marta alipepeta ungo mara kadhaa. "Baba Josefina, safari ya Mpanda ni lini?"

"Tarehe ishirini na nne kuna lori."

"Fedha ipo?"

"Ipo. Elfu kumi na tatu. Ipo kwenye mkebe."

"Basi hilo ndilo lenye haraka," alisema Marta. "Mizinga haikohoi."

Manyanda alikaa upande wa pili wa kijiji. Jumatano asubuhi Enoka alimkuta uani akikunja gome la mti wa mtundu kutengeneza mzinga mpya, magoti yake yamelibana gome lisifunguke. Alikuwa na miaka sitini na sita na nywele nyeupe, lakini mikono ilikuwa bado ya mtu wa kupanda miti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa. Siyo hapo, hilo gome bado bichi." Alimtazama. "Umekonda. Marta amekunyima ugali?"

"Kifua. Kaka, nimekuja kwa ajili ya mizinga ile."

"Mizinga ipi? Mimi ninayo tisini na sita. Kaulize kijijini."

Enoka alijaribu kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. Manyanda alisubiri kikohozi kiishe. Hakuwa anacheka.

"Nataka irudi kwenye jina langu," alisema Enoka. "Halafu nataka utie dole gumba kwenye wosia wangu, kama shahidi wa ukoo."

"Miaka sita nimekuwa tajiri kwa ajili yako," alisema Manyanda. "Leo unataka niwe maskini kabla ya chai."

"Ulikubali mwenyewe."

"Nilikubali. Nilidhani ni maandishi tu." Alichukua msumari wa mti akaupigilia kwenye ukingo wa gome, polepole. "Unakumbuka nilipomwoza kijana wangu kwa wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao? Mkwe wangu hajui kusoma hata jina lake. Kabla hatujakaa kuzungumza mahari alikwenda ofisini, akampa mtu soda amsomee kitabu. Tukakaa. Nikasema ng'ombe wanne, kama watu wote. Akaniambia, mzee, mtu mwenye mizinga tisini na sita asinidharaulie binti. Nikatoa tisa."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kanisani nako ahadi yangu wamenipandishia, mwenye mizinga mingi. Zahanati ilipotaka michango, aliyeanza kutajwa nani? Kodi umekwepa wewe, mdogo wangu, lakini haikupotea. Ilihamia kwangu."

Enoka alitoa daftari mfukoni, akalifungua, akalifunga. Katika kurasa zake zote hapakuwa na ng'ombe watano wala ahadi ya kanisa, na yeye ndiye aliyejisifu kwamba anaandika kila kitu.

"Unataka nini?" aliuliza mwishowe.

"Kumi na miwili ibaki kwangu. Ile ya kwenye miti ya mikurungu, karibu na kambi ya zamani ya baba. Ng'ombe watano hawarudi, lakini ile itanifuta jasho."

Enoka alipiga hesabu kichwani. Ilikuwa mizinga yake mizuri. Hamsini na sita kutoa kumi na miwili, arobaini na minne. "Sawa," alisema.

"Na kurudisha siyo kwa kalamu. Kalamu mimi siijui, wanangu hawaijui. Tutakwenda kwenye kila mti wa hiyo arobaini na minne; iliyo kwa jina lako haina ugomvi. Utaongeza mkato wako pale, mimi nikiwa nimesimama naona. Siku nikiulizwa nitasema niliona. Na vijana nitawaambia, ukikuta mkato wa tatu uliosimama, mzinga huo ni wa Marta, pita."

"Kaka, kwa kifua hiki?"

"Kwani nimekuambia ukimbie?"

Waliondoka Alhamisi alfajiri, Enoka na kishoka kidogo, Manyanda na unga, sufuria na maji. Pori la miombo lilikuwa limeanza kudondosha majani, na kila hatua ilipiga kelele. Kazi ilikuwa nyepesi kwa mtu mzima. Unafika kwenye mti, unatazama juu uone mzinga, unatazama shina uone alama, unakata mkato mmoja uliosimama kando ya ile miwili, urefu wa kidole. Kisha Enoka aliandika: mninga, karibu na kichuguu chenye vichwa viwili, wenye nyuki. Mtundu, kwenye mbuga ndogo, mtupu. Manyanda alisimama na kutazama kila mkato kama mtu anayeangalia mizani.

Mpaka jua linakaribia kuzama walikuwa wamekata kumi na tisa. Enoka alilala palepale walipowasha moto, bila kula, na kaka yake alimfunika blanketi lake akabaki na koti.

Siku ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Enoka alikata mikato saba, halafu kishoka kikaanza kumchezea mkononi, mkato ukaenda pembeni.

"Huo unafanana na mguu wa kuku," alisema Manyanda. "Marta atadhani umemwachia kuku." Akamnyang'anya kishoka. "Wewe onyesha, mimi nakata."

"Umesema mimi nikate, wewe uone."

"Sasa mimi nakata, wewe uone. Kuna mtu mwingine hapa wa kutushtaki?"

Wakaendelea hivyo. Walipita kwenye mninga mkubwa ambao alama yake ilikuwa imevimba na kufunikwa na gome, alama iliyokatwa na baba yao wenyewe, na Manyanda akaipapasa kwa kiganja kabla ya kuongeza mkato. Enoka alikuwa amekaa chini anahesabu pumzi, akiwaza kwamba kodi yote aliyoikwepa kwa miaka sita isingefika hata bei ya ng'ombe mmoja. Wakati ule ilionekana akili sana. Alikuwa amerudi nyumbani siku ile ya kuandika kitabu akitembea kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Jumamosi, kabla ya saa sita, walifika kwenye mto. Mizinga sita ya mwisho ilikuwa ng'ambo. Maji yalikuwa ya magotini tu, lakini ukingo ulikuwa mrefu, na Enoka alipojaribu kushuka miguu ilikataa, akakaa kwenye mchanga.

"Imebaki sita," alisema.

"Naijua. Mitatu kwenye mitundu, miwili kwenye ule mninga uliopigwa radi, mmoja sijui uko wapi lakini nitaunusa. Wiki ijayo nitakuja mwenyewe kuimalizia."

Enoka alitoa daftari, akaandika. Manyanda hakujua kusoma, lakini namba alizijua.

"Umeandika thelathini na minane."

"Ndiyo."

"Ni arobaini na minne. Sita nimesema nitaimalizia."

"Ndiyo, kaka. Ukiimaliza nitaandika."

Manyanda alitazama maji. "Huniamini."

"Nakuamini. Lakini Marta atakuja kusoma daftari. Mimi hatanipata kuniuliza."

Manyanda alivua viatu vyake vya matairi, akavifunga pamoja akavitundika shingoni. Akashuka ukingoni na kishoka mkononi, akavuka. Enoka alimwona akipotea kati ya miti ng'ambo, mzee wa miaka sitini na sita, kwa miguu mitupu. Kwa muda wa saa mbili na nusu alisikia kishoka kikigonga, mbali, kisha karibu, kisha mbali tena. Alihesabu. Mkato mmoja huchukua mapigo manne au matano. Alipotokea Manyanda suruali ilikuwa imelowa mpaka kiunoni na shavu moja limevimba kwa kuumwa na nyuki.

"Sasa andika," alisema.

Enoka aliandika. Arobaini na minne.

Jumapili baada ya ibada mchungaji na mwalimu walikuja nyumbani. Wosia uliandikwa upya, na namba mpya: mizinga mia moja, maana kumi na miwili ilikuwa ya Manyanda sasa, na hilo nalo liliandikwa. Manyanda alipaka dole gumba wino, akalikandamiza kwa nguvu kama anaua siafu, akaomba wali uongezwe. Afisa mtendaji wa kijiji, Machibya, alipita kuwasalimu. Enoka alimweleza habari ya kitabu mbele ya wote, bila kujitetea.

Machibya alikuwa kijana mpole asiyependa makuu. "Hilo siyo gumu, mzee wangu. Kuanzia mwaka huu naandika mia moja kwa jina lako, unaingia daraja la juu, yaliyopita yamepita. Sikudai ya nyuma."

"Naomba unidai," alisema Enoka.

Watu wakamtazama.

"Kama unaandika kuanzia mwaka huu, basi kabla ya mwaka huu ilikuwa ya nani? Mtu atasema mzee Manyanda alinyang'anywa mali yake na mdogo wake mgonjwa. Nataka nilipie tangu mwaka 1988, tofauti yote, na stakabadhi iandikwe mwaka kwa mwaka, na idadi ya mizinga."

Machibya alikuna kidevu. Akaomba kalamu, akapiga hesabu nyuma ya karatasi ya mahubiri. "Pamoja na ya mwaka huu inakuja elfu kumi na moja na mia nne."

Marta aliyekuwa anakusanya sahani alisimama. Alisubiri wageni waage, mpaka akabaki Manyanda peke yake, ambaye kwake alikuwa shemeji na hakuwa mgeni.

"Mkebe una elfu kumi na tatu," alisema.

"Najua."

"Hiyo ni ya Mpanda. Ni ya picha na dawa na lori."

"Najua, mama Josefina."

"Mimi sijaomba mizinga. Nimeomba uende hospitali. Nyie wanaume mnakaa hapa mnapigiana madole kwenye karatasi ya mimi kuwa mjane, mnaomba na wali." Hakupaza sauti. Alikuwa amechoka kama wao, na alizipanga sahani moja juu ya nyingine huku akisema. "Kwa nini isisubiri asali iuzwe mwezi wa saba?"

"Kwa sababu mwezi wa saba kaka anaweza kuwa amekufa, au mimi," alisema Enoka. "Leo wote tupo, na mtendaji yupo, na amekubali. Kifua kilichosubiri miaka mitatu kitasubiri wiki tano."

"Nani amekuambia kitasubiri? Kimekuandikia?"

Manyanda aliyekuwa anasafisha meno kwa kijiti alijikohoza.

"Shemeji, ile kumi na miwili ya mikurungu nitaipakua kabla ya wote. Kama wiki mbili hivi. Nta yake inatosha nauli ya lori na kitu cha kuanzia huko. Akipona atanirudishia."

"Na asipopona?"

"Nitakudai wewe. Si unakuwa tajiri wa mizinga mia?"

Marta alimtupia kitambaa cha kufutia meza, akaingia ndani. Kutoka kule walimsikia akivuta kitu kutoka uvunguni, kisha mlio wa mkebe ukifunguliwa. Alikuwa anahesabu.

Jumatatu, tarehe 20 Juni, asubuhi ilikuwa ya baridi na mawingu mepesi, bila upepo. Marta aliweka shilingi elfu kumi na moja na mia nne kwenye kitambaa, akalifunga fundo, akaziweka mezani karibu na uji. Enoka alikunywa uji wote, akavaa koti, akaenda ofisi ya kijiji. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Alikaa kwenye ngazi, akaandika hali ya hewa. Machibya alipofika saa mbili na robo walikaa pamoja wakaandika stakabadhi saba, moja kwa kila mwaka, na kila moja Enoka aliisoma mara mbili kabla ya kuipokea. Katika ya mwaka 1990 Machibya alikuwa ameacha idadi ya mizinga. Enoka alimrudishia, akasubiri aijaze. Kisha alizibana zote kwa pini ndani ya jalada la daftari, akaanza kurudi nyumbani, akikaa chini kila alipochoka.